Bunduki ya Nane

Vestby, North Dakota
6 Juni 1994

Mheshimiwa Bwana Casimir Pruchnik,

Samahani kwa kukuandikia bila kujuana. Jina lako nililiona kwa kinyozi, nyuma ya jarida la wakusanyaji wa silaha za zamani. Paliandikwa kwamba ulitengeneza bunduki za jeshi kwa miaka thelathini na moja, na kwamba unajibu maswali kwa barua tu, si kwa simu. Hilo la barua lilinifurahisha. Mimi kwenye simu hukauka mate.

Naitwa Ragna Tveitan. Nina miaka kumi na minane na nimemaliza shule wiki iliyopita. Jumamosi nilinunua bunduki kwenye mnada, shambani kwa marehemu mmoja maili ishirini kutoka kwetu. Ni ya kijeshi, ya zamani, kitako cha mti, nzito kuliko nilivyodhani. Dalali aliiita M1. Alisema inajipakia yenyewe, risasi nane, ila kila risasi lazima uvute triga upya. Samahani kama naeleza mambo unayoyajua.

Shuleni miaka yote sikunyoosha mkono hata mara moja. Pale mnadani nilinyoosha. Dalali akauliza, "Binti, unataka bunduki au unafukuza nzi?" Watu wakacheka. Nikauacha mkono juu hukohuko, mpaka mzee aliyekuwa akishindana nami akasema, "Mwachieni, huyu hashuki."

Swali langu ni hili. Bunduki hii ina namba mbili, zimechongwa mahali pawili. Ipi ndiyo namba yake? Nahitaji kujua kabla ya tarehe tano Julai, kwa sababu jina la mtu wa nyumbani kwetu limeshikwa na namba hiyo. Samahani, siwezi kueleza zaidi.

Samahani pia kwa mwandiko. Nilitia kidole gumba ndani ya bunduki kutazama, chuma kikaruka mbele kikakibana. Ukucha umekuwa mweusi.

Wako mtiifu,
Ragna Tveitan


Stevens Point, Wisconsin
11 Juni 1994

Binti Tveitan,

Umeomba samahani mara nne katika ukurasa mmoja. Mimi kwa miaka thelathini na moja karakanani sikuomba hata moja, na marehemu mke wangu angekuthibitishia.

Kidole: karibu chamani. Hakuna aliyewahi kuishika M1 asiyekuwa na ukucha huo. Siku nyingine rudisha ule mpini wa pembeni kwa ubavu wa kiganja, uuzuie hapo, halafu ndipo uingize kidole. Nimeona masajini wenye nishani mpaka tumboni wakilia kama vitoto kwa ajili ya jambo hilo.

Sasa namba. Unasema mbili? Bunduki hiyo ina zaidi ya kumi, hujazitafuta tu. Ivute nje mchana kwenye mwanga, hakikisha haina risasi, hakikisha tena, halafu niandikie kila namba na kila herufi unayoiona na mahali ilipo. Tazama kisogoni, yaani kile chuma cha nyuma kabisa, baada ya tundu la kulengea. Tazama juu ya komeo, kile kipande kinachokwenda mbele na nyuma. Vuta mpini nyuma utazame ubavu wa mtutu. Tazama mti wa kitako upande wa kushoto, kama kuna muhuri. Usisafishe kitu. Ukiipaka mafuta ya kupolishi meza, nitajua.

Na mwisho, niambie kweli: nani amekutuma? Wenye maduka wana mchezo wa kutuma watoto wenye adabu ili Pruchnik aseme neno zuri, halafu neno hilo linabandikwa kwenye bei. Kama ni hivyo, mwambie aliyekutuma kwamba sijafa bado.

C. Pruchnik


Vestby
16 Juni 1994

Mheshimiwa Bwana Pruchnik,

Hakuna aliyenituma. Nimeinunua kwa pesa nilizopata kuendesha lori la viazisukari msimu uliopita, na hakuna anayejua ninakuandikia.

Nimefanya kama ulivyosema. Kisogoni kuna mistari: bunduki ya Marekani, M1, Springfield, na chini yake 2683417. Juu ya komeo kuna 6528287, kisha kistari na herufi SA. Kwenye mtutu kuna SA, kisha 11 na 51. Kwenye mti upande wa kushoto kuna kisanduku chenye herufi RIA, kimefifia. Sijapolishi kitu.

Namba ninayoitaka ni ile ya komeo, 6528287. Hiyo ndiyo niliyoandikiwa kwenye karatasi, na ndiyo niliyoiona pale mnadani nikanyoosha mkono. Ile ya kisogoni sikuiona mpaka nilipofika nyumbani. Nimefikiria labda mtu aliibadilisha ili kuficha wizi. Mambo kama hayo hutokea, sivyo?

Ninakuomba uniandikie barua yenye saini yako, kwamba namba halisi ya bunduki hii ni 6528287. Mistari miwili inatosha. Kuna mzee mmoja ambaye, kwa sababu ya mistari hiyo miwili, ataingia mlangoni mahali ambapo hajaingia miaka kumi na minane. Umri wangu wote.

Wako,
Ragna Tveitan


Stevens Point
20 Juni 1994

Binti Tveitan,

Hapana.

Namba ya bunduki ni ile ya kisogoni, 2683417. Ilichongwa kiwandani Springfield, ndiyo hiyo SA, majira ya machipuko ya mwaka 1944 na hakuna aliyeigusa tangu hapo. Mtutu si wa kwake wa kwanza, ni wa Novemba 1951. Ilipelekwa Korea au ilikuwa njiani kwenda, ikachoka, ikarudishwa karakanani ikavuliwa mpaka mifupa ikavishwa upya. Herufi RIA ni karakana yangu. Inawezekana kabisa nimewahi kuishika.

Komeo nalo lilibadilishwa hapohapo. 6528287 si namba ya bunduki. Ni namba ya mchoro wa kipande, namba ambayo fundi anaitaja dirishani ghalani akitaka komeo, kama wewe unavyotaja saizi ya kiatu. Ipo kwenye makomeo laki kadhaa. Nilikuwa nayafungua kwa masanduku. Mapya yana namba nzima, ya zamani zaidi yana herufi D na tarakimu tano za mwisho.

Tena sikiliza. M1 ziliishia kwenye milioni sita na kidogo. Hakuna hata moja iliyofika milioni sita na nusu. Kwa hiyo aliyekupa karatasi hiyo ni mwongo au mjinga. Hiyo bunduki haipo. Haijawahi kuwepo.

Una M1 nzuri, ya heshima. Ukitaka kuiuza namjua mtu asiyeiba. Lakini sitii saini uongo, hata kwa binti mwenye ukucha mweusi.

C. Pruchnik


Vestby
23 Juni 1994

Bwana Pruchnik,

Asante kwa kusema kweli. Nimemdanganya mtu, na sasa inanibidi nikamwambie. Sitakusumbua tena.

R. Tveitan


Vestby
24 Juni 1994

Mzee Pruchnik,

Jana niliandika sitakusumbua, na barua ile imekwisha kwenda posta. Isome kama haipo.

Leo asubuhi nilikuwa nachemsha mayai ya Babu, na barua yako ilikuwa mfukoni mwa aproni. Nikaisoma tena nikisubiri maji. "Hiyo bunduki haipo. Haijawahi kuwepo." Nilisimama hapo mpaka mayai yakapasuka.

Nitakueleza yote. Nilipaswa kueleza tangu mwanzo, lakini nilidhani ukijua utakataa.

Babu yangu ni Arvid Tveitan. Alipigana Korea kama askari wa miguu. Hapa Vestby maveterani wana ukumbi wao, na wana kikosi cha mazishi: watu saba wanaosimama makaburini na kupiga hewani mara tatu kwa risasi tupu anapozikwa askari wa zamani. Bunduki wanazotumia ni M1 walizoazimwa na jeshi. Zilikuja ndani ya makreti Februari 1974, na Babu ndiye alikuwa mtunzaji. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio na ukumbi haukuwa na moto. Delmar Hoglund, katibu mpya, aliandika orodha ya namba. Bwana Hoglund alikuwa jeshi la majini, karani wa ghala la chakula melini. Babu akatia saini chini: nimepokea bunduki nane.

Kikosi ni watu saba, kwa hiyo hakuna aliyeitafuta ya nane. Wote walijua ni ya akiba, iko kabatini. Mwaka 1976, kabla ya gwaride kubwa la miaka mia mbili ya nchi, walihesabu. Saba. Iliyokosekana kwenye orodha ni 6528287.

Bwana Hoglund alisimama ukumbini mbele ya watu, akina mama wakimimina kahawa, akasema Arvid Tveitan ameiuza bunduki ya jeshi. Kuliuliza jeshi hawakuthubutu, kwa sababu waliogopa watanyang'anywa zote. Kila mwaka wakaandika tu "zote zipo" bila idadi. Karatasi za makreti zililowa mafuriko ya 1979. Ikabaki orodha ile ya mkono, na ikabaki saini ya Babu.

Walimwambia arudishe kofia ya kikosi. Alikataa, anayo mpaka leo. Na kila mazishi ya askari, Mzee Pruchnik, kila moja, Babu huenda akasimama nje ya uzio wa makaburi, ng'ambo ya barabara, amevaa kofia hiyo, mgongo wima. Hakuna awezaye kumfukuza barabarani. Bwana Hoglund aliwahi kumpelekea mtu amwambie anawaaibisha. Babu akajibu, "Mwambie barabara ni ya kaunti."

Nilipokuwa mdogo alinichukua kila mnada wa mashambani. Nilidhani anapenda vyombo vya zamani. Kumbe alikuwa akitafuta kila M1, anaipindua, anatazama kisogo, anairudisha, tunakwenda kununua soseji. Miaka kumi na minane. Sasa macho yamekwisha, haoni katikati, anaona pembeni tu. Kwa hiyo safari hii nilikwenda mimi na karatasi yake. Na kwa sababu sikujua namba inasomwa wapi, nilisoma namba ya kwanza iliyonijia machoni. Ilikuwa juu ya komeo. Babu anajua kisogo, kwa hiyo hakuwahi kutazama komeo hata siku moja.

Nilipomsomea namba ile alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alisema tu, "Soma polepole." Nikasoma. Halafu nikageuza bunduki nikaona ile ya kisogoni, na nikanyamaza. Huo ndio uongo wangu. Amekuwa akiipangusa kila siku kwa kitambaa, akijiandaa kuipeleka mkutanoni tarehe tano.

Sasa swali langu, na hili ni la kweli. Mimi nisiyejua bunduki nilisoma komeo nikadhani ni namba yake. Je, karani wa ghala la majini, aliyezoea namba za vitu vya ghalani, katika baridi, mara ya kwanza kushika M1 maishani, hawezi kufanya hivyohivyo? Asome moja kwenye komeo, mtu amwite au aende kunywa kahawa, arudi, aisome ileile kisogoni? Orodha ingekuwa na namba nane kwa bunduki saba.

Nimeshamwambia Babu. Kwanza nilimwambia bunduki hii siyo. Akasema, "Basi bado iko nje huko." Nikamwambia, "Haiko nje wala ndani, Babu. Haijawahi kuwepo," nikamsomea barua yako. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Nilikuwa nimeanza kuamini niliisahau mahali. Baada ya mazishi ya Knut Aasen tulikunywa. Miaka yote hii nilidhani labda ni kweli."

Sikujua kwamba alikuwa akijishuku mwenyewe. Pale barabarani, na mgongo ule.

Ragna


Stevens Point
27 Juni 1994

Binti Ragna,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikaketi nikaisoma tena, na paka wangu amekosa chakula cha mchana.

Jibu ni ndiyo. Siyo "inawezekana", ni ndiyo. Nimeona orodha za namna hiyo zikija karakanani kwa miaka mingi. Karani anaandika namba ya komeo, namba ya mtutu, mmoja aliandika namba ya kreti. Sisi tulicheka tukarekebisha kwa penseli. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani kuna mtu anasimama nje ya uzio kwa sababu hakukuwa na mtu wa penseli. Na mimi nilikushuku kwamba umetumwa na wachuuzi. Hiyo ndiyo ya kwanza kwa miaka thelathini na moja, usiizoee: samahani.

Nimeweka ndani barua rasmi yenye saini na tarehe. Lakini usiitangulize. Namjua mtu wa aina ya huyo Hoglund. Ukimpa karatasi ya mgeni kutoka Wisconsin, ataikunja aitie mfukoni aseme ataishughulikia. Mwambie afungue kabati. Kila bunduki ina komeo, na kila komeo lina namba. Wasome wao, kwa midomo yao, bunduki zao.

Na babu yako mwambie fundi Pruchnik anauliza: askari wa miguu anatiaje saini bila kuhesabu? Mwambie nimeuliza kwa heshima. Atacheka au atanitukana, vyote vitamfaa.

Bunduki yako iache nyumbani siku hiyo. Usiwape kisingizio cha kuongelea kitu kingine.

Casimir Pruchnik


Ukumbi wa Maveterani, Vestby
30 Juni 1994

Kwa Ragna,

Umemwomba mjumbe wetu Milo Brekke akupe nafasi ya kuzungumza mkutanoni Jumanne. Mimi kama mwenyekiti nimeona nikuandikie kabla, kwa sababu nakufahamu ni mtoto mpole na sitaki uaibike mbele ya watu wazima.

Mambo ya mwaka sabini na sita yamepita. Sisi sote tumezeeka. Nimezungumza na wenzangu na tuko tayari babu yako apande gari la wazi kwenye gwaride la sikukuu ya uhuru, tarehe nne, kiti cha nyuma, pamoja na wajane. Nadhani ni jambo jema kwa kila upande. Hakuna haja ya hotuba. Mwambie avae vizuri.

Msalimie mama yako. Nakutakia mafanikio chuoni.

Delmar Hoglund
Mwenyekiti


Vestby
1 Julai 1994

Bwana Hoglund,

Salamu zako nimemfikishia mama.

Babu anasema hatapanda gari la wazi. Anasema miguu yake bado mizima, na tarehe nne atasimama ng'ambo ya barabara kama kawaida, mkitaka kumwona mnajua mahali alipo.

Mimi nitakuja Jumanne. Milo Brekke amesema kanuni za chama zinamruhusu mjumbe yeyote kumpa mgeni dakika kumi, na amenipa zake. Naomba kabati la bunduki liwe limefunguliwa, na orodha ya 1974 iwe mezani.

Ni kweli mimi ni mpole. Nitazungumza taratibu.

Ragna Tveitan


Vestby
6 Julai 1994

Mzee Pruchnik,

Nakuandikia jikoni. Babu bado amelala na ni saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Alipoingia ukumbini jana, hakuna aliyejua afanye nini. Wengine walisimama, wengine wakatazama vikombe. Palmer Stenerson, ambaye ana miaka themanini na hajawahi kunong'ona maishani, akauliza kwa sauti, "Huyo si Arvid? Nani kamruhusu?" Babu akajibu, "Miguu yangu, Palmer." Alikuwa amevaa kofia. Ilikuwa moja ya kofia nane zinazofanana humo ndani, na ndiyo iliyochakaa zaidi kwa jua.

Nilipoitwa, nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimeandika hotuba. Nilipoifungua, herufi zilikuwa zinacheza. Nikaiacha. Nikasema, "Naomba watu saba kila mmoja achukue bunduki moja."

Bwana Hoglund akasema, "Ragna, hii si michezo ya shule."

Nikasema, "Ndiyo maana nimekuja baada ya kumaliza shule."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Milo Brekke, mjumbe aliyenipa dakika zake kumi, alicheka mpaka akakohoa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kabatini. Wengine wakamfuata, nadhani kwa udadisi tu. Walipozishika niliwaambia wafunge komeo, waangalie vidole, na kila mmoja asome namba iliyo juu ya komeo. Komeo, siyo kisogo. Bwana Hoglund nilimwomba ashike orodha yake.

Milo akasoma ya kwake, tarakimu moja moja. "Sita. Tano. Mbili. Nane. Mbili. Nane. Saba."

Palmer akapiga meza. "Hiyo ndiyo! Ndiyo iliyoibwa! Imekuwa humu siku zote, enyi majuha!"

"Subiri, Palmer," Milo akasema. "Isome na ya kwako."

Palmer akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. "Sita, tano, mbili..." Akasita. "Nane, mbili, nane, saba." Akanitazama mimi, akamtazama Milo. "Sasa zimekuwa mbili?"

Wa tatu akasoma. Ileile. Wa nne yake ilikuwa na herufi D, halafu mbili, nane, mbili, nane, saba, kama ulivyosema. Wa tano ileile ya Milo. Wa sita ileile. Walianza kucheka kwenye ya tano, na kwenye ya sita wakaacha kucheka. Wa saba alisoma kwa sauti ndogo sana, D tena, na alipomaliza akaiweka bunduki mezani kana kwamba ni ya moto.

Ndipo nikasoma barua yako. Sauti yangu ilikuwa kama ya panya, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba panya angesikika. Nilipofika pale kwamba hakuna M1 iliyowahi kufikia namba hiyo, Bwana Hoglund alikuwa bado ameshika orodha. Mwandiko ni wake. Wote walikuwa wanaujua, ni uleule wa matangazo ya ukutani.

Akasema, "Basi. Ni kosa la maandishi. Nitalirekebisha kwenye kumbukumbu, na tuendelee na ajenda."

Watu wengine walianza kutikisa vichwa kukubali. Nikaona jambo linafungwa, kama ulivyotabiri, linakunjwa linatiwa mfukoni. Dakika zangu kumi zilikuwa zimekwisha. Nikasema, "Hapana."

Akasema, "Hapana nini?"

"Hukumwita mwizi kwenye kumbukumbu, Bwana Hoglund. Nimezisoma, Milo alinionyesha. Hakuna neno. Ulimwita kwa mdomo, umesimama hapo hapo ulipo, na bibi yangu alikuwa ameshika birika la kahawa. Alikufa akiwa amesikia hilo tu. Basi sema kwa mdomo."

Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Nilimwonea huruma kidogo, Mzee Pruchnik, nakiri. Ni mzee na yeye. Hakukusudia kuandika vile, alikuwa karani aliyehisi baridi. Lakini miaka kumi na minane alikuwa na bunduki saba kabatini ambazo zingemwambia kweli siku yoyote ambayo angetaka kuuliza, na hakuuliza. Kwa hiyo sikuyaondoa macho yangu kwake. Nimezoea kutazama chini, na jana sikutazama chini.

Milo akasema taratibu, "Delmar. Simama."

Akasimama. Akasema, akiitazama meza, "Arvid hakuiba kitu. Kosa lilikuwa langu."

Kabla sijasahau: umeuliza tena kwenye kadi yako iliyofika Jumamosi kuhusu yule mnunuzi asiyeiba. Hapana, siiuzi. Nimejifunza kuifungua bila kupoteza ukucha, na Milo anasema Palmer hawezi tena kubeba ya kwake na wanahitaji mtu wa saba. Mwanachama mmoja alisema haijawahi kutokea msichana. Milo akamjibu, "Na bunduki ya nane nayo haijawahi kutokea, mbona ulikubali?" Watapiga kura Agosti. Nitakuwepo wakipiga, na nitakaa mstari wa mbele.

Na babu anajibu swali lako: askari wa miguu hutia saini bila kuhesabu pale anapomwamini karani, na hilo alijifunza asilirudie. Halafu akaongeza tusi la Kinorwe ambalo mama amenikataza kuliandika.

Sasa nimalizie, maana nimeruka sehemu niliyoipenda kuliko zote. Bwana Hoglund alipokwisha kusema, aliketi. Watu wote wakamgeukia Babu. Nilidhani atasema asante, au atatoka. Macho ya Babu ni mabovu, lakini masikio yake, nakuhakikishia, husikia gari la posta likiwa bado maili moja barabarani. Babu akainuka kwenye kiti chake cha nyuma kabisa, karibu na mlango, akaweka kiganja sikioni.

"Delmar," akasema, "sijasikia. Rudia."

Bwana Hoglund akainuka tena, akarudia.

"Bado," Babu akasema. "Huku nyuma hakufiki."

Akarudia, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, na akina mama wakatoka na vitambaa vyao kusimama mlangoni. Babu akashusha mkono.

"Sasa nimesikia," akasema, akaketi, akaomba kahawa.

Wako,
Ragna Tveitan